Hesabu za Nyumbani: Ishirini kwa Mia ya Nini?



Mwezi uliopita tuliwaahidi hesabu ya kupima shamba kwa kamba. Twaomba radhi, hesabu hiyo itangoja kidogo. Maana limetokea jambo mtaani mwetu ambalo haifai kulinyamazia, na sisi tunaoandika ukurasa huu tuna sehemu kubwa katika kosa lake. Basi mtuvumilie. Ketini pamoja na watoto wenu wanaojua kuzidisha na kugawanya, twaeni kalamu na karatasi, nasi tutalieleza tangu mwanzo.

Yuko kijijini kwetu mama mmoja mjane, mwenye duka dogo kando ya njia. Auza chumvi, mchele, sabuni, mafuta ya kula, dagaa na viberiti. Kila Jumamosi hushuka kwa basi hata Korogwe kununua vitu vya juma lijalo, na jioni hurudi na mzigo wake. Dukani husaidiwa na kijana wa miaka kumi na minne, mwana wa marehemu dada yake, ambaye amemlea tangu utoto. Alipoanza biashara hiyo alikuwa na Sh. 200,000, nazo zilitosha vitu vya juma zima pamoja na nauli na uchukuzi.

Mama huyu si mzembe, wala si mpotevu wa mali. Kila jioni aliandika katika daftari fedha zote zilizoingia. Walakini, baada ya miezi minne, alihesabu fedha za kwendea Korogwe akaona hazifiki Sh. 100,000. Rasilmali, ndiyo mtaji, imepungua nusu! Mlango haukuvunjwa, vitu havikuoza, wala watu hawakudaiwa deni kubwa. Basi nani ameila? Watu wa nyumbani wakaanza kumtazama yule kijana kwa jicho la upande. Mara wakasema wazi kwamba ndiye anayeshika ufunguo, na ndiye anayebaki peke yake dukani siku ya Jumamosi. Tukatumiwa habari twende tukaamue.

Tulifika jioni. Kijana alitupa shikamoo, akasimama karibu na mlango, hakukubali kuketi. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuchukua hata senti moja. Lakini nikisema, hakuna anisikiaye." Mama naye alikuwa akilia, maana alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, na fedha zimepotea kweli.

Tukaomba daftari. Tulipofunua ukurasa wa kwanza moyo wetu ulishtuka. Palikuwa na maneno kwa mwandiko tunaoujua sana, kwa kuwa ni mwandiko wetu wenyewe. Tulimwandikia mwaka jana alipokuja darasa la jioni kuuliza jinsi ya kupanga bei. Nayo yalisema hivi: Ongeza sehemu ya tano juu ya gharama. Sehemu ya tano ndiyo faida yako, nayo waweza kuitumia nyumbani.

Naye mama alifuata maneno hayo kwa uaminifu kabisa. Kitu cha Sh. 1,000 alikiuza Sh. 1,200. Tena mwisho wa juma alikusanya fedha zote za mauzo, akazigawa mafungu matano sawasawa, fungu moja akalitoa kwa chakula na ada ya shule ya binti zake, mafungu manne akayarudisha Korogwe. Je, wasomaji, mwaona kosa? Sisi hatukuliona tulipoandika, na jioni ile ndipo tulipolitambua.

Tuliomba punje za mahindi. Tukamwita kijana, tukamwambia ahesabu punje mia moja aziweke mkekani, hizo ndizo gharama. Kisha aongeze sehemu ya tano ya mia, ndiyo punje 20. Zikawa 120, hizo ndizo fedha za mauzo. Tukamwambia, "Sasa gawa zote mafungu matano, kama mama afanyavyo Ijumaa." Akagawa, kila fungu likawa na punje 24. Tukaondoa fungu moja. "Hesabu zilizobaki." Akahesabu polepole, akarudia mara ya pili, akainua macho, akasema, "Mwalimu, ni tisini na sita. Zimepungua nne."

Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akazihesabu yeye mwenyewe, akaona ni kweli. Zilianza 100, zikabaki 96, na mwizi hakuwapo.

Tazameni basi katika shilingi. Juma la kwanza gharama zilikuwa Sh. 200,000, mauzo Sh. 240,000. Sehemu ya tano ya mauzo ni Sh. 48,000, lakini faida ya kweli ilikuwa Sh. 40,000 tu. Zile Sh. 8,000 za zaidi zilitoka katika rasilmali. Zikabaki Sh. 192,000. Juma la pili zikabaki Sh. 184,320, na juma la tatu Sh. 176,947. Juma la kumi zilikuwa zimeshuka hata Sh. 133,000 hivi, na juma la kumi na saba zikapungua chini ya Sh. 100,000. Mkitaka kujua kwa nini hakutambua mapema, sababu ni kwamba kila juma vilibaki vitu vichache juu ya rafu, na majirani wawili watatu walikuwa hawajalipa. Katika mchanganyiko huo upungufu wa Sh. 8,000 hauonekani, kama maji yavujayo katika mtungi wenye ufa mdogo.

Sasa na tulieleze kosa lenyewe. Mtu akisema, "Nataka faida ya ishirini kwa mia," au asilimia 20 kama tusemavyo siku hizi, hajamaliza kusema. Yatupasa kumwuliza, Ishirini kwa mia ya nini? Ya gharama, au ya mauzo? Mia ya gharama na mia ya mauzo si mia moja. Mauzo ni makubwa kuliko gharama, kwa hiyo sehemu ya tano ya mauzo ni kubwa kuliko sehemu ya tano ya gharama. Sisi tulimfundisha mama kuongeza kwa mia moja na kutoa kwa mia nyingine. Kila kanuni ni njema peke yake. Zikichanganywa, zabomoa nyumba.

Tutaweka kanuni zote mbili hapa, mzinakili.

Kanuni ya kwanza ni faida inayohesabiwa juu ya gharama. Twaa mia, ongeza faida unayoitaka. Zidisha gharama kwa jumla hiyo, kisha gawanya kwa mia. Kwa mfano, gharama ni Sh. 2,400, wataka faida ya 20 kwa mia ya gharama. Mia na ishirini ni 120. Zidisha 2,400 kwa 120, gawanya kwa 100, wapata Sh. 2,880. Faida ni Sh. 480.

Kanuni ya pili ni faida inayohesabiwa katika bei ya kuuzia. Twaa mia, ondoa faida unayoitaka. Zidisha gharama kwa mia, kisha gawanya kwa kile kilichobaki. Gharama ni zile zile Sh. 2,400, nawe wataka kila mia ya mauzo iwe na 20 za faida. Mia ukiondoa ishirini hubaki 80. Zidisha 2,400 kwa 100, gawanya kwa 80, wapata Sh. 3,000. Faida ni Sh. 600. Hakikisheni: sehemu ya tano ya 3,000 ni 600, zabaki 2,400, ndizo gharama zetu kamili.

Maana yake si ngumu. Katika kanuni ya pili bei ya kuuzia ndiyo mia nzima. Ikiwa 20 ni faida, basi zile 80 zilizobaki hazina budi kuwa gharama. Tukijua 80 ni shilingi ngapi, twaweza kujua 100 ni ngapi. Ndiyo kanuni ya tatu mliyojifunza shuleni, ya kujua kitu cha nne kwa vitu vitatu vijulikanavyo.

Wasiopenda kuzidisha wana njia fupi ya mafungu. Ukitaka sehemu ya tano ya mauzo iwe faida, ongeza sehemu ya nne ya gharama. Ukitaka sehemu ya nne ya mauzo, ongeza sehemu ya tatu ya gharama. Ukitaka sehemu ya tatu ya mauzo, ongeza nusu ya gharama. Ukitaka nusu ya mauzo, ongeza gharama nzima, yaani uza maradufu. Ukitaka sehemu ya kumi ya mauzo, ongeza sehemu ya tisa ya gharama. Mwaona desturi yake: hesabu ya mafungu hupungua moja ushukapo kutoka mauzo kwenda gharama. Na ukipanda kutoka gharama kwenda mauzo, huongezeka moja. Basi yule mama aliyeongeza sehemu ya tano ya gharama, haki yake ilikuwa kutoa sehemu ya sita ya mauzo, si ya tano. Sehemu ya sita ya Sh. 240,000 ni Sh. 40,000 kamili, na Sh. 200,000 zarudi Korogwe salama.

Lakini kanuni hizi zote hazifai kitu ikiwa neno gharama halijaeleweka. Wengi wetu tukisema gharama twawaza bei tuliyolipa dukani tu. Tutwae mfano wa gunia la mchele la kilo 50. Tuseme umelinunua kwa Sh. 130,000. Ukigawanya kwa 50, kilo moja ni Sh. 2,600. Ukaongeza sehemu ya kumi, ukauza kilo kwa Sh. 2,860, nawe waondoka ukifurahi kwamba umepata kumi kwa mia.

Ngoja kwanza. Je, gunia lilikuja kwa miguu yake? Uchukuzi na mpagazi ni Sh. 3,500. Mifuko ya karatasi ya kufungia wanunuzi ni Sh. 1,250. Jumla sasa ni Sh. 134,750. Tena ukipepeta na kuondoa mawe, na ukihesabu punje zinazomwagika wakati wa kupima, hutauza kilo 50. Tuseme utauza 49. Gawanya Sh. 134,750 kwa 49. Kilo moja imekugharimu Sh. 2,750. Ukiuza kwa Sh. 2,860, faida yako ni Sh. 110, nayo ni nne kwa mia ya gharama, wala si kumi. Zile sita nyingine zimekwenda katika basi, katika karatasi na katika mawe.

Basi kabla ya kupanga bei, andikeni kila kitu: bei ya kununua, nauli yako na ya mzigo, ushuru wa soko, vifungashio, na kiasi kinachooza, kinachovunjika au kupungua. Mwenye kupika maandazi aandike kuni au mkaa, wala asisahau mafuta. Fundi aandike kazi ya mikono yake pia, maana akiisahau atakuwa anawagawia watu nguvu zake bure huku akidhani anafanya biashara. Jumla hiyo igawanywe kwa idadi ya vitu vitakavyouzwa kweli, si kwa idadi ya vilivyonunuliwa.

Jambo la pili ni kupunguza bei. Kitu cha gharama Sh. 1,000 umekipandisha kwa 20 kwa mia, kikawa Sh. 1,200. Mnunuzi asema, "Nipunguzie ishirini kwa mia." Wewe wawaza, "Niliongeza ishirini, nikiondoa ishirini narudi palepale, sipati wala sipotezi." La! Ishirini kwa mia ya Sh. 1,200 ni Sh. 240. Utauza kwa Sh. 960, nawe umepoteza Sh. 40. Ni kosa lile lile la punje za mahindi, limevaa nguo nyingine.

Jambo la tatu ni kukopesha. Mtu ametwaa kilo moja iliyokugharimu Sh. 2,400 kwa bei ya Sh. 3,000, asilipe kamwe. Kwa kila kilo iliyolipwa wapata Sh. 600. Basi yakupasa kuuza kilo nne kwa wanunuzi wanaolipa ili kurudisha gharama za kilo moja iliyopotea, na katika hizo nne hutapata hata senti ya chakula. Hatusemi msimkopeshe jirani mwenye shida. Twasema, jueni kipimo cha mnachotoa, na mkiandike.

Jambo la nne ni bei kupanda. Mkiwa mmeuza vitu vilivyonunuliwa kwa Sh. 200,000, na safari ijayo vitu vile vile vikawa Sh. 210,000, basi faida ya Sh. 40,000 si yote ya kuliwa. Sh. 10,000 zatakiwa zirudi dukani, la sivyo rafu zitapungua vitu ingawa daftari laonyesha faida. Kwa sababu hiyo panga bei upya kila gharama inapobadilika, wala usingoje mwisho wa mwaka.

Pengine mtu atauliza, "Je, nikijua kanuni, naweza kujipangia faida yoyote niitakayo?" Kalamu itakubali, lakini mnunuzi huenda asikubali. Hesabu yakuonyesha bei unayohitaji. Soko lakuonyesha bei watu wanayoweza kulipa. Zisipokutana, usikimbilie kupunguza kipimo cha mizani, maana huo ni wizi. Rudi katika orodha ya gharama uone pa kupunguza. Labda wafanya biashara wawili waweza kushirikiana mzigo mmoja, nauli ikagawanyika. Na kama hapana pa kupunguza, afadhali kuacha kuuza kitu hicho kuliko kukiuza huku rasilmali ikiliwa kidogo kidogo.

Hesabu hizi si za jana. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, mtu wa Italia aliyejifunza hesabu akiwa kijana huko Bugia katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kiitwacho Liber Abaci, akaweka ndani yake sura nzima za bei za bidhaa na za ushirika wa wafanya biashara. Nasi watu wa Kiswahili maneno yetu ya biashara yana umri mkubwa: bei, faida, hasara na rasilmali, yote asili yake ni Kiarabu. Na rasilmali maana yake ni kichwa cha mali. Wazee waliotuachia neno hilo walijua walisemalo. Faida ni nywele. Zikatwe, zitaota tena. Lakini anayekata kichwa hangoji kitu.

Turudi kwa mjane wetu. Jioni ile tulisimama mbele ya watu wa nyumba ile na wazee wawili wa mtaa, tukakiri kwamba kanuni ilikuwa yetu na kosa ni letu. Tukamwomba radhi mama, kisha tukamwomba radhi kijana. Mama akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, nilikutazama vibaya. Nisamehe." Kijana akajibu, "Yamekwisha, Mama." Neno hilo lilitugusa kuliko hesabu zote, maana tuliona jinsi tarakimu moja isiyo mahali pake ilivyokaribia kumtoa mtoto yatima katika nyumba ya pekee aliyo nayo.

Mama hakupandisha bei, akijua majirani zake hawana uwezo. Alichagua kutoa sehemu ya sita badala ya sehemu ya tano. Chakula cha nyumbani kimepungua kidogo, na ada ya binti zake sasa ailipa kwa mafungu madogo. Lakini tangu siku hiyo rasilmali haikushuka tena. Na mwenye kugawa mafungu sita kila Ijumaa, kisha akaandika katika daftari, ni yule kijana.

Nanyi walimu wenzetu, twawasihi: mfundishapo faida kwa mia, msiridhike mwanafunzi akitoa jibu lililo sawa na la kitabu. Mwulizeni daima, mia ya nini? Akiwa hajui, mpeni punje za mahindi.

MASWALI YA MWEZI HUU

1. Seremala ametengeneza kiti. Mbao Sh. 9,000, misumari na gundi Sh. 1,000, kazi ya mikono yake Sh. 5,000, kukipeleka sokoni Sh. 1,000. Ataka faida ya 20 kwa mia ya bei ya kuuzia. Akiuze kwa bei gani?

2. Mama amenunua mayai 30 kwa Sh. 9,000, nauli Sh. 800. Mayai mawili yamevunjika njiani. Ataka faida ya 20 kwa mia ya gharama. Yai moja aliuze kwa bei gani?

3. Kitu cha gharama Sh. 4,800 kimepangiwa bei ya Sh. 6,000. Mnunuzi amepunguziwa 15 kwa mia ya bei hiyo. Faida iliyobaki ni shilingi ngapi?

Majibu tutayapiga chapa mwezi ujao, pamoja na ile hesabu ya kupima shamba tuliyowaahidi. Kaeni salama, ninyi na nyumba zenu.